Mzee Kipofu wa Maporomoko ya Wagenia

Kisangani, mji ulioitwa Stanleyville hadi mwaka 1966, humlaki mgeni kwa ngurumo kabla hajauona mto. Maporomoko ya Boyoma ni 7, na la mwisho ni hili la Wagenia. Wavuvi wamesimika magogo makubwa kati ya mawe, wakayafunga kwa kamba za msituni, na hapo huning'iniza migono mirefu kuliko mtu. Maji yenyewe huwasukumia samaki ndani.

Ukingoni aliketi mzee mmoja, macho yake meupe kama maziwa, kiganja chake juu ya gogo.

"Tumsifu Yesu Kristu, Baba."

"Milele amina. Keti, mwanangu, uniambie waona nini."

Nikamweleza: maji ya kahawia, povu, vijana katika mitumbwi. Akanisikiliza kwa adabu, kisha akauliza, "Na mgono wa tatu, hukuona kamba yake imelegea?" Nikatazama, nisione kitu. Punde kijana mmoja akapiga mbizi, akaibuka akiomba kamba. Mzee alikuwa ameusikia mtikisiko katika gogo. Mto wote anao moyoni, pamoja na maji ya ujana wake. Nami nadhani ni mzuri kuliko huu niliouona mimi.

Lakini mto huohuo ndio uliomnyang'anya macho. Usubi, nzi mdogo mweusi, hutaga mayai katika maji yaendayo kasi, yaani palepale penye samaki. Humwuma mtu na kumtia minyoo, ambayo watoto wake hutambaa chini ya ngozi hata kufika machoni. Daktari Mbelgiji Jean Hissette aliueleza upofu huu huko Sankuru, humuhumu Kongo, katika miaka ya 1930. Dawa yake, ivermectin, hutolewa bure tangu mwaka 1987. Huwaua watoto wa minyoo, bali minyoo mikubwa huishi zaidi ya miaka 10. Ndiyo maana sharti imezwe mwaka kwa mwaka. Aliyekwisha kupofuka haimrudishii nuru.

Siku ile vidonge vilikuwa vimegawiwa. Mjukuu wa mzee hakuvitaka, maana mwaka uliopita vilimwasha mwili. (Wengi huilaumu dawa, kumbe muwasho huletwa na minyoo inayokufa.) Mzee akanyoosha mkono, akavihesabu kwa kidole, akampa mtoto kimoja kimoja. Kisha akamwekea vidole viwili kooni, wala hakuviondoa mpaka aliposikia vyote vimeshuka.