Kriketi ya shule: siku nzima uwanjani, na mzazi hana budi kuwepo

Ukitaka kuijua kriketi ya Nairobi, msomaji, usianzie kwenye televisheni. Vaa viatu vya kutembea, ufike raundabauti ya Globe, kisha uipande Ngara polepole hadi ile barabara ambayo wakongwe wa mji bado huiita Forest Road, ingawa siku hizi imepewa jina la Profesa Wangari Maathai. Huko, baina ya Ngara, Pangani na Parklands, viwanja vya kriketi vimekaribiana hivi kwamba unaweza kuvipitia kadhaa kabla jua la saa sita halijakuchoma utosi. Kuna Sir Ali Muslim Club, kuna Simba Union, na kuna Nairobi Gymkhana, ambao ndio wenye sifa kuliko wote.

Gymkhana umeona mengi. Ni hapo, Oktoba 4, 1996, ambapo kijana wa Pakistan aitwaye Shahid Afridi alifikisha mikimbio 100 kwa mipira 37 tu dhidi ya Sri Lanka, rekodi ya dunia iliyodumu kwa zaidi ya miaka 17. Ni hapo pia, Februari 24, 2003, ambapo Collins Obuya aliwatoa wapigaji watano wa Sri Lanka kwa mikimbio 24. Kenya ikashinda kwa mikimbio 53, na mwezi uliofuata ikawa inacheza nusu-fainali ya Kombe la Dunia kule Durban. Miaka saba kabla ya hapo, mjini Pune nchini India, vijana wetu walikuwa wamewaduwaza West Indies: Kenya 166, West Indies 93.

Kizazi kile kikazeeka, na hakikuacha kingine nyuma yake cha kukitosha. Mwaka wa 2014 Kenya ikapoteza hadhi ya kucheza mechi za kimataifa za siku moja. Wengi hulaumu viongozi, wengine hulaumu ukosefu wa pesa, na sina haja ya kuwabishia. Lakini hebu yatazame majina ya wachezaji wa zama zile. Akina Tikolo walikuwa watatu: Tom, David na Steve. Akina Obuya watatu: Kennedy, Collins na David. Akina Odumbe wawili, Edward na Maurice. Huu ni mchezo uliokuwa ukirithishwa nyumbani na katika klabu za mtaa, mkubwa akimfunza mdogo. Na ndiyo sababu nasema kwamba shule ikitaka kuuanzisha leo bila wazazi, itajisumbua bure.

Kandanda haihitaji mzazi. Mpe mtoto karatasi za nailoni na kamba, akifika jioni keshasokota mpira na timu mbili zimepatikana. Kriketi haina huruma hiyo. Mechi fupi kabisa ya kuheshimika, yaani ile ya ova 20 kwa kila upande, ina mipira 240 na huchukua saa tatu au zaidi. Yahitaji waamuzi wawili, watu wawili wa kuandika mikimbio, mtu wa kutazama majeraha, gari au nauli, na chakula, kwa kuwa hakuna mtoto atakayesimama juani tangu saa tatu asubuhi hadi saa tisa kwa kikombe cha uji. Mwalimu wa michezo ni mmoja. Naye ana familia yake inayomngojea Jumamosi.

Nilialikwa siku moja kwenye shule ya umma upande wa mashariki ya jiji. Huko udongo si ule mwekundu wa Parklands. Ni udongo mweusi, ambao mvua ya Aprili ikinyesha hunasa kiatu, na kiangazi kikija hupasuka nyufa za kuingiza vidole. Mpira ukidunda juu ya udongo kama huo hakuna ajuaye utaelekea wapi. Kwa hivyo wazazi walikuwa wamemwaga ukanda wa saruji katikati ya uwanja. Wakati wa mechi hutandikwa mkeka juu yake, kutoka wiketi hadi wiketi, umbali wa yadi 22 ambazo ni kama mita 20. Saruji ilikuwa imetiwa na baba mmoja ambaye ni fundi wa ujenzi. Vijiti vya wiketi vilichongwa na baba mwingine, seremala. Pedi za miguu zilizochanika zilikuwa zimeshonwa na mama mwenye cherehani sokoni.

Nawataja hawa kwanza makusudi. Tukisema "wazazi wasaidie", wengi wetu husikia "wazazi watoe pesa", kama harambee. Ni kweli gharama ipo. Gongo zuri la mti wa wilo, glavu na helmeti hutoka mbali, aghalabu Meerut kule India au Sialkot kule Pakistan, na bei yake humfanya mtu ajikune kichwa. Lakini timu haihitaji magongo kumi na moja. Wapigaji huwa wawili tu uwanjani kwa wakati mmoja, hivyo magongo matatu na jozi nne za pedi, zikiwekwa katika mfuko mmoja wa shule, hutosha watoto wote. Hatari huanza pale kila mtoto anapoambiwa aje na vyake. Wiki ya kwanza huja thelathini, wiki ya nne huja wanane, na wale ishirini na wawili hawasemi kilichowazuia. Mtoto wa mama mboga hatakuja kukueleza, mwalimu, kwamba nyumbani hakuna pesa za glavu. Atasema tu kwamba hapendi tena kriketi.

Katika shule ile walikuwa wamekata shauri kwamba mzazi hutoa kimoja kati ya viwili: muda au fedha. Anayetoa Jumamosi mbili kwa muhula amelipa deni lake sawasawa na aliyenunua helmeti. Vyote huandikwa kwenye daftari moja, na fedha hushikwa na mweka hazina wa kamati, si na kocha.

Muda wenyewe una kazi nyingi kuliko unavyodhani. Chini ya mwarobaini palikuwa na meza, na mezani mama wawili, mmoja wa shule ile na mwingine wa shule pinzani. Hao ndio waandishi wa mikimbio. Kila ova ikiisha hulinganisha hesabu zao, maana zikitofautiana ni lazima wasuluhishe papo hapo. Kuandika si uchawi. Mpira usiozaa kitu ni nukta. Mikimbio huandikwa kwa tarakimu. Mpira uliopita mbali na mpigaji huwekewa alama ya msalaba, na anayetolewa huandikiwa W. Mrushaji akimaliza ova nzima bila kufungwa mkimbio, zile nukta sita huunganishwa kwa mistari zikawa herufi M, na mama yule wa kwanza aliichora M yake kwa madaha kana kwamba anatia saini hati ya shamba. Aliniambia kwamba muhula uliotangulia hakujua hata timu ina wachezaji wangapi.

Uamuzi ndio wenye miba. Mzazi akivaa koti jeupe na mwanawe akawa ndiye mpigaji, macho yote humgeukia. Hapa Kenya tunao mfano ambao ningependa usimuliwe kwa kila kamati ya wazazi. Agosti 2006, Kenya ikicheza na Bangladesh hapa Nairobi, Hitesh Modi alipigwa na mpira mguuni mbele ya wiketi. Warushaji wakapiga kelele za kudai atolewe. Mwamuzi aliyeinua kidole kumtoa alikuwa Subhash Modi, babake mzazi. Sijui walizungumza nini mezani jioni ile. Kwa shule, hata hivyo, ni heri baba asimamie mechi asiyochezea mwanawe, na anayepiga kelele kutoka pembeni apewe kazi ya kuchemsha chai. Hiyo ya chai si mzaha. Nimeona ikifanya kazi.

Kuna mambo ambayo nia njema pekee haitoshi. Mpira wa kriketi wa wanaume una uzito wa gramu 156 hadi 163, na ni mgumu kama jiwe la kusagia. Watoto wa chini ya miaka 13 wana wao ulio mwepesi kidogo, na wanaoanza kabisa hupewa wa tenisi. Asiyevaa helmeti yenye wavu wa uso, pedi, glavu na kikinga cha sehemu za siri hasimami mbele ya mpira mgumu, hata akiwa mwana wa mwenyekiti. Na jambo la pili, ambalo zamani halikuwa likisemwa waziwazi: mtu mzima yeyote anayejitolea ni lazima ajulikane na shule kwa jina na kitambulisho, wala asiachwe peke yake na mtoto, iwe garini au katika chumba cha kubadilishia nguo. Mzazi mwema hataona amevunjiwa heshima kwa kuambiwa hivyo.

Lakini kinachoua programu hizi, msomaji, mara nyingi si ugomvi wala wizi. Ni kalenda. Mzazi hujitolea kwa sababu ya mwanawe, na mwana hukua. Mtoto akimaliza Gredi ya 9 akaondoka kwenda sekondari ya juu, yule mama wa daftari huondoka naye, na fundi wa saruji huondoka naye, na yule mwenye gari aliyekuwa akibeba mfuko wa vifaa huondoka naye pia. Msimu unaofuata mwalimu hujikuta na mfuko wa magongo usio na mtu. Mkeka huachwa stoo, panya wakauzalia. Wasioelewa husema watoto wa siku hizi hawapendi kriketi.

Shule ile ilikuwa imeamua kwamba kila kazi iwe na watu wawili, na mmoja wao awe mzazi wa mtoto wa Gredi ya 4 au ya 5. Mama mwandishi alikuwa na mwenzake pembeni, msichana bado, mtoto mchanga mgongoni, akinukuu ova zilezile kwa penseli kwenye karatasi. Alikosea mara mbili nikiwa nimekaa hapo, na mara zote mbili mkubwa wake alimwonyesha kwa ncha ya kalamu bila kusema neno. Huko sekondari wanakokwenda wale wakubwa nako wazazi wapya wangehitajika, lakini hilo mwenyekiti wa kamati alikiri kwamba hawajalipatia dawa.

Timu yao ilishindwa kwa mikimbio 14. Wakala viazi karai na kachumbari wakiwa wamechanganyika na waliowashinda, na msichana mmoja, mrushaji wao hodari, akawa anabishana na mwamuzi kuhusu mpira uliokwisha kusahauliwa na kila mtu. Wingu lilikuwa limetanda upande wa Athi River, na mkeka ulikuwa bado uwanjani. Ni mzito kupita kiasi. Wakisha kuukunja huhitaji watu sita kuubeba hadi stoo. Tulikuwa wanne. Mwenyekiti akawatazama wazazi wa timu ngeni waliokuwa tayari wanapanda matatu, akapiga mluzi, na wawili wakashuka.