Barua kutoka Marekani: Walima Zabibu Wanastahili Watu Wao

Wapendwa wa Majengo, Dodoma,

Safari hii siandiki habari za kodi za nyumba wala baridi ya huku. Nataka tuzungumze mpira, hasa lile swali ambalo shabiki wa Dodoma Jiji, yaani Walima Zabibu, huulizwa kila msimu na jirani yake aliyevaa jezi ya Simba au ya Yanga: unaipendea nini timu isiyochukua kombe? Swali huulizwa kwa utani, lakini linastahili jibu la kweli, kwa sababu ndani yake mna dai zito kwamba kutumaini bila kushinda ni kujidanganya. Mimi nalikataa dai hilo. Tumaini la shabiki wa timu dhaifu ni sehemu ya mtaji wa timu, na ndiyo sehemu ambayo hakuna dirisha la usajili linaloweza kuinunua. Ushahidi nauchukua huku Marekani ninakoishi, kwenye futiboli ya vyuo, kisha niulete nyumbani tuupime pamoja.

Kwa asiyejua, futiboli ya Kimarekani huchezwa kwa mpira wenye umbo la yai, unaobebwa na kurushwa kwa mikono. Ipo ligi ya kulipwa, lakini kwa miji mingi kinachotikisa ni timu za vyuo vikuu. Kuanzia mwisho wa Agosti hadi Novemba, Jumamosi ni ya chuo. Watu hufika saa nyingi kabla ya mechi, huegesha magari karibu na uwanja, huchoma nyama na kuonana na waliosoma nao zamani. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan peke yake una nafasi zaidi ya 107,000, karibu mara mbili ya Uwanja wa Benjamin Mkapa. Michigan, hata hivyo, ni wakubwa waliozoea kushinda, na kwa hoja yangu hawanisaidii. Wanaonisaidia ni wale waliofungwa mpaka nchi nzima ikawajua kwa kufungwa.

Hakuna aliyefungwa mara nyingi mfululizo kuliko Prairie View A&M. Ni chuo kilichoanzishwa mwaka 1876 huko Texas, kaskazini-magharibi ya Houston, kwa ajili ya watu weusi ambao vyuo vya wazungu viliwafungia milango. Katika miaka ya 1950 na 1960, chini ya kocha Billy Nicks, kilikuwa bingwa wa vyuo vya weusi nchini mara tano. Baadaye vyuo vikubwa vya wazungu vilipoanza kusajili vijana weusi, vipaji vilihama na fedha zikafuata. Mwaka 1990 Prairie View kilisimamisha timu msimu mzima kwa sababu ya matatizo ya fedha katika idara ya michezo. Iliporudi mwaka uliofuata, ilirudi bila ufadhili wa masomo kwa wachezaji, maana yake ikakabiliana na wapinzani waliokuwa wanawalipia vijana wao ada. Kati ya 1989 na 1998 ilifungwa mechi 80 mfululizo, rekodi ambayo katika historia ya mchezo huo vyuoni hakuna aliyeifikia. Tarehe 26 Septemba 1998, mjini Oklahoma City, iliifunga Langston kwa pointi 14 kwa 12, na mnyororo ukakatika. Mwaka 2009 ikawa bingwa wa ligi yake kwa mara ya kwanza tangu 1964.

Tuangalie kilichoiweka hai timu hiyo katikati ya hizo 80. Ushindi haukuwepo, nyota hawakuwepo, fedha hazikuwepo. Kilichokuwepo ni bendi ya chuo, ambayo watu waliifuata kwa mapenzi yake yenyewe. Kulikuwa na wiki ya kila mwaka ambapo wahitimu hurudi chuoni na watoto wao, na jambo kuu la wiki hiyo ni mechi. Tena palikuwa na wazee walioiona timu ya Nicks kwa macho yao, wakawasimulia vijana kwamba jezi ile iliwahi kuogopwa. Watu wale walikuja uwanjani kwa sababu zilizokuwa tayari zipo kabla matokeo hayajatoka, ndiyo maana matokeo hayakuweza kuwaondoa. Laiti wangekuja kwa ajili ya ushindi tu, wangekwisha kuondoka wote kufikia mechi ya 20, na chuo kisingekuwa na sababu ya kubaki na timu.

Mfano wa pili nitaupitia haraka. Chuo Kikuu cha Northwestern, kaskazini ya Chicago, kilifungwa mara 34 mfululizo kati ya 1979 na 1982. Msimu wa 1995 kikachukua ubingwa wa kanda yake na kwenda kucheza Rose Bowl, mechi ambayo vijana wa huku huiota tangu utotoni. Sisemi kwamba kila anayevumilia atalipwa hivyo. Zipo timu ambazo hazijawahi kulipwa chochote. Ninachosema ni chepesi kuliko hicho na kigumu kukipinga: hakuna timu iliyoinuka baada ya watu wake kwisha kuondoka wote.

Sasa turudi nyumbani, kwenye Uwanja wa Jamhuri. Dodoma Jiji ni timu ya Halmashauri ya Jiji. Ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2020/21, na katika misimu yake mitano ya mwanzo haikuingia nne bora hata mara moja. Haikushuka pia, na hilo tunalipita upesi mno. Katika misimu hiyohiyo waliteremka Mbeya City, Mtibwa Sugar waliokuwa mabingwa mwaka 1999 na 2000, Kagera Sugar, Geita Gold na Ruvu Shooting. Biashara United ya Mara ilimaliza ya nne mwaka 2021, na mwaka uliofuata ikashuka. Februari 2025 basi la Walima Zabibu lilipata ajali mkoani Lindi, likiwarudisha kutoka Ruangwa walikocheza na Namungo, nao wakarudi kuumaliza msimu ndani ya Ligi Kuu. Timu iliyopita hayo si timu ya kudharauliwa. Lakini Jamhuri inajaa lini? Inajaa anapokuja Simba au Yanga, na siku hiyo sehemu kubwa ya jukwaa inamshangilia mgeni.

Najua nitajibiwa kwamba mifano yangu haifanani na mambo yetu, kwa kuwa timu ya chuo cha Marekani haishuki daraja. Prairie View ilifungwa mara 80 na msimu uliofuata ikawa palepale. Kwetu wawili wa mwisho wanateremka moja kwa moja na wawili walio juu yao wanaingia mtoano, kwa hiyo uvumilivu wa miaka kumi haupo. Ni kweli kabisa, na tofauti hiyo ni kubwa. Lakini inanipeleka upande ule ule. Kama muda ni mfupi, basi mechi ya katikati ya wiki dhidi ya timu inayolingana nasi ndiyo yenye uzito kuliko ya Simba, kwa sababu pointi za kubaki hutafutwa pale. Hiyo ndiyo mechi ambayo jukwaa huwa tupu. Tena kushuka si kaburi. Mbeya City, nayo ni ya halmashauri ya jiji kama yetu, ilipanda mwaka 2013, ikamaliza ya tatu mbele ya Simba, ikashuka mwaka 2023 na kurudi mwaka 2025. Tukuyu Stars walikuwa mabingwa mwaka 1986, msimu wao wa kwanza baada ya kupanda, leo hawamo Ligi Kuu. Kupanda kwa kasi peke yake hakujatosha.

Hoja nyingine ni ya watu. Dodoma ni mji wa wahamiaji, inasemwa, na kila aliyehamia alikuja na klabu yake moyoni. Sensa inaonyesha ukubwa wa jambo hili: Dodoma mjini palikuwa na watu 410,956 mwaka 2012, na 765,179 mwaka 2022, baada ya serikali kuutekeleza kweli uamuzi wa kuhamia uliofanywa tangu 1973. Mtu aliyekulia Kigoma akiwa Yanga kwa nini aimbie Walima Zabibu? Hapa ndipo vyuo vya huku vinanifundisha zaidi. Mwanafunzi wa Northwestern au Prairie View naye ni mgeni. Amekuja na mapenzi ya timu ya kwao, atakaa miaka minne na kuondoka. Lakini ndani ya wiki za mwanzo chuo humpa jezi, humfundisha nyimbo, humtengea jukwaa la wanafunzi, na akishazeeka atakuwa bado anafuatilia matokeo. Mapenzi yale hayakuzaliwa naye, yalitengenezwa kwa makusudi. Sisi tuna Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) tangu 2007, tuna Chuo cha Mipango, Chuo cha Elimu ya Biashara (CBE) na Chuo Kikuu cha St. John's, maelfu ya vijana wanaoingia mjini kila mwaka bila mtu wa kuwapokea kwa niaba ya timu. Kiingilio cha mwanafunzi, jukwaa lao, bendi yao, mbona si mambo ya mabilioni? Wala hakuna anayelazimika kuiacha Yanga yake. Mtu anaweza kuwa na timu ya taifa zima na timu ya mji anaoishi.

Pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote ni hili: kwamba tumaini la mashabiki huwalea viongozi wabovu. Ukija uwanjani hata wakifungwa, kwa nini wabadilike? Na fedha za halmashauri ni ushuru wa mama anayeuza nyanya hapo Majengo. Kwa nini ziende kwenye mpira wakati zahanati inasubiri dawa? Pingamizi hilo lina haki ndani yake, na historia ya Prairie View inalipa nguvu, kwa sababu anguko lake lilikuwa na sura ya fedha zisizosimamiwa vizuri. Lakini anayesusa uwanja hamwajibishi yeyote. Kiongozi haulizwi na jukwaa tupu, na mtu asiyekuja hana ushuhuda wa kutoa kwenye kikao. Anayeweza kuuliza usajili umegharimu kiasi gani, kocha amepimwa kwa kigezo kipi, mapato ya mlangoni ya mechi kubwa yamekwenda wapi, ni yule anayejulikana kuwa yupo msimu mzima. Kwa timu inayotunzwa kwa ushuru, maswali hayo ni haki ya mkazi, na diwani wa kata anapaswa kuyajibu kama anavyojibu ya barabara na maji. Tumaini ninalolitetea lina mdomo. Linakaa, linashangilia, na Jumatatu linadai hesabu.

Ndiyo maana siungi mkono ushauri, ambao baadhi yetu tulio nje hupenda kuutoa, kwamba timu ikabidhiwe tajiri mmoja na mambo yaishe. Fedha za tajiri zinasaidia, nani atazikataa. Lakini tajiri huchoka, huhama, hubadili mawazo. Watu wa mji hawahami wote siku moja.

Basi ombi langu kwenu ni dogo na lina tarehe. Ratiba ikitoka, msitafute kwanza siku ya Simba na Yanga. Tafuteni mechi ya nyumbani ya kwanza dhidi ya timu ya kawaida, mchukue kijana mmoja wa chuo anayepanga chumba mtaani kwenu, mwende naye Jamhuri mkiwa na jezi ya mji. Na kikao cha kata kitakachofuata, mtu mmoja asimame aulize hesabu za timu. Mkishafanya hayo mawili, niandikieni matokeo, hata kama tumefungwa.

Wenu wa ughaibuni.