Chitete, ambako dawa ya kikohozi huanzia uani

Mkoa wa Songwe una Chitete mbili. Moja iko Ileje. Hii ninayoizungumzia ni ya Momba, yalipo makao makuu ya halmashauri ya wilaya hiyo iliyomegwa kutoka Mbozi mwaka 2012, miaka minne kabla Songwe yenyewe haijamegwa kutoka Mbeya.

Safari ya kwenda huko nilianzia Tunduma, mji usiohitaji maelezo kwa yeyote aliyewahi kupita barabara kuu ya Zambia. Malori yamejipanga kuelekea Nakonde, wabadilisha fedha wameshika mabunda ya kwacha, na kila hatua mbili kuna kijana anayekuuzia kitu. Dawa nazo zipo. Chupa zilizokuwa za maji ya kunywa, ndani yake kitu cha kahawia, hazina lebo, na spika inataja magonjwa ya kujaza wodi nzima. Mzazi mwenye mtoto anayekohoa hawezi kupita hapo asisikie ugonjwa wa mwanawe ukitajwa.

Ukiacha lami, vumbi linaanza. Ni nchi ya mahindi, ufuta na alizeti, na kati ya shamba na shamba kuna miombo, misitu inayotupa masuku wakati wa mvua na asali nyeusi, nzito, yenye harufu ya moshi wa mfugaji nyuki. Nilifika msimu wa baridi, miezi ambayo usiku ukiingia unasikia vikohozi vya watoto kutoka nyumba hadi nyumba.

Bibi aliyenikaribisha analea wajukuu watatu. Uani kwake kuna mpera, mndimu, mchaichai uliotanda kama nyasi za ng’ombe na, karibu na ua, kivumbasi kinachonukia ukikigusa tu. Mjukuu wa kati alikuwa na mafua na kikohozi. Bibi alichuma majani machanga ya mpera, akayaosha, akakata mchaichai, akatwanga kipande cha tangawizi kisichozidi kidole gumba cha mtoto, akachemsha vyote pamoja hadi jiko zima likanukia. Alipoepua aliacha ipoe kwanza, kisha akakamulia ndimu na kutia asali kijiko kimoja.

“Shikamoo bibi, na hii inaponya kweli?” nilimuuliza.

“Marahaba. Hii ni ya kumfanya alale,” alijibu. “Asipolala yeye, mimi nitalala?”

Sijasikia maelezo ya dawa ya kikohozi yaliyo sahihi kuliko hayo. Mafua huletwa na virusi, na mwili wenyewe huvimaliza kwa wiki moja au siku kumi. Kinywaji cha moto hulainisha koo na kulegeza makamasi, asali hutuliza mkwaruzo. Mwaka 2007 watafiti wa Pennsylvania, Marekani, walichapisha matokeo ya watoto 105 wenye kikohozi cha usiku, na waliopewa asali kabla ya kulala walikohoa kidogo na kulala vizuri kuliko wasiopewa kitu.

Nilimsimulia bibi kwamba Ulaya nako wana mti wao wa uani. Wataalamu wa mimea huuita Sambucus, na Waingereza huuita elder. Maua yake meupe madogomadogo hukaushwa na kunywewa kama chai wakati wa mafua. Matunda yake meusi, madogo kuliko zambarau, hupikwa na sukari yakawa sharubati nzito ya kikohozi. Ndugu zetu walioko Uingereza hutuma chupa zake nyumbani siku hizi.

Bibi alisikiliza, akauliza swali moja: “Na mbichi?”

Ni swali la mtu aliyekulia penye mihogo michungu. Matunda mabichi ya mti ule, pamoja na majani na vijiti vyake, yana sumu ya aina ileile ya muhogo mchungu, ile inayotoa sayanaidi. Agosti 1983, huko California, kundi la watu waliokuwa kwenye mkusanyiko walikunywa juisi iliyokamuliwa kutoka kwenye matunda mabichi pamoja na majani na matawi yake. Watu 11 waliugua kwa kutapika na kizunguzungu, na 8 kati yao walipelekwa hospitali kwa helikopta. Wote walipona. Bibi zao wangekuwepo pale, juisi ile ingepikwa, tena bila majani.

Hapo ndipo naona ujuzi wa wazee wetu ulipo, na ndicho kinachokosekana kwenye chupa ya kahawia ya Tunduma. Bibi anaujua mti, anajua sehemu gani ya mti, anajua imepikwa muda gani na inanywewa na mtoto wa umri gani. Muuza chupa hata mti hakutajii. Tangu mwaka 2002 tuna sheria ya tiba asili na tiba mbadala, na lipo Baraza linalosajili waganga na dawa zao. Kumwomba muuzaji akuonyeshe usajili si kumdharau.

Bibi ana masharti yake pia. Mjukuu mdogo, wa miezi minane, hakupewa kile kinywaji. Alipewa ziwa la mama yake tu. Bibi anasema kitoto cha kubeba hakinyweshwi miti. Daktari angemuunga mkono na kuongeza sababu: asali, hata iwe safi vipi, inaweza kubeba mbegu za bakteria ambazo utumbo wa mtoto wa chini ya mwaka mmoja hauwezi kuzidhibiti, na maji ya moto ya chai hayaziui. Sumu yake hulegeza misuli, hata ile ya kupumulia. Basi asali ingoje mwaka utimie. Mafuta ya mwarobaini nayo asinyweshwe mtoto kabisa, kwani yamewahi kuwadhuru vibaya wachanga.

Kuhusu nyungu sikubaliani na majirani wa bibi. Sufuria ya maji yanayochemka chini ya blanketi moja na mtoto wa miaka mitatu ni ajali inayosubiri kutokea, na kuungua kwa maji ya moto ni kubaya kuliko mafua yoyote.

Tatizo kubwa ni kikohozi ambacho si mafua. Nimonia huanza vivyo hivyo. Namna ya kuitambua haihitaji kifaa zaidi ya simu unayosomea ukurasa huu. Mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, funua kifua chake, hesabu pumzi kwa dakika moja nzima. Wa chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Wa miezi 2 hadi kabla ya mwaka, 50. Wa mwaka 1 hadi 5, 40. Kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilegea, usihesabu tena, nenda kituo cha afya, hata kama sufuria iko jikoni. Mtoto mwenye homa apimwe malaria, kwani chai ya pakanga haichukui nafasi ya dawa mseto.

Na kipo kikohozi kisichoisha. Ndicho kinachowapeleka watoto kwa wakata kimeo. Kile kinyama kinachoning’inia kooni kinakatwa kwa wembe au kisu, mtoto anavuja damu, jeraha linaoza, na wapo waliokufa. Kimeo hakileti kikohozi. Kikohozi cha wiki mbili kinahitaji kupimwa kifua kikuu, na kipimo pamoja na dawa zake hutolewa bure katika vituo vya serikali.

Nilimuuliza bibi kama amewahi kumpeleka mtoto kwa mkata kimeo. Alitikisa kichwa, akasema mtu huyo alikuwapo tangu yeye msichana, na hakutaka kusema zaidi. Akaenda kunichimbia shina la mchaichai. Aliniambia nilipande pale maji ya kuoshea vyombo yanapomwagwa, nisilikate miezi mitatu ya kwanza, na kuku wasilifikie.