Kwa Kogo

Juzi kijana wa jirani aliniuliza kwa nini ile kona ya chai chini ya barabara ya Litein huitwa kwa Kogo. Nyumba ilibomolewa zamani, chai ikapandwa hadi ukingoni mwa kijito. Kaka yake amerudi kutoka vitani Somalia na halali usiku, naye kijana hajui kwamba wanaume wa namna hiyo walipelekwa pale pale.

Baba yangu mkubwa alikuwa Keya, askari wa Mwingereza, akapigana Burma. Alirudi 1946; shangazi anashikilia 1945, haidhuru. Nilipopata akili, king'ora cha kiwanda kilipolia alfajiri bado alijitupa kifudifudi kati ya michai, mikono kisogoni, majani yakimwagika kikapuni.

Kogo, yaani bibi, alikuwa chepkerichot, mganga wa dawa za miti. Nyumba yake ilinuka dawa ya mti wa tebeswet iliyochemka, moshi wa mti wa senetwet na maziwa ya mursik. Baba mkubwa alipopelekwa kwake mimi nilibeba kuni, ndiyo maana nilisikia. Kogo alimwogesha dawa kijitoni, akamketisha kigodani mbele ya wazee, akamwuliza: "Nani alikuwa kulia kwako?" Baba mkubwa akataja jina. "Na kushoto?" Akataja tena. Yakatoka yote: bonde la Kabaw, mvua ya 1944, matope, wenzake walioachwa njiani. Hakuna mzee aliyemkatiza. Kwetu aliyeua vitani hakuingia nyumbani hivi hivi. Alikaa kando kwanza, akatakaswa. Jeshi lilikuwa limemvua sare tu, likamwambia aende.

King'ora hakikuacha kumshtua, lakini alianza kulala. Na Kogo alijua mipaka yake: mwenye kifafa alimwambia waziwazi aende hospitali ya Tenwek.

Waliofuata walikwenda Namibia, Yugoslavia, Sierra Leone. Kogo alikuwa amekwisha kufa. Kisha ikaja 2011 na vita vya Somalia, likaja shambulio la El Adde, na vijana wetu wakashuka kwenye matatu stendi ya Bomet na begi mgongoni, wakaingia nyumbani moja kwa moja. Sasa waganga wamebandika namba za simu kwenye nguzo za umeme, wanauza mvuto wa mapenzi na kazi za Ulaya. Anayepiga kelele usiku huambiwa amerogwa, au ni pombe. Inaniudhi sana. Mtu ametumwa na taifa zima, halafu anaachiwa mkewe peke yake!

Nimemwambia kijana ampeleke kaka yake hospitali, amwone daktari wa akili, asiache dawa. Jumamosi mimi na wazee watatu tutakwenda kukaa naye. Tutamwuliza nani alikuwa kulia kwake.