Hali Imedhibitiwa

"Shangazi, kwani kazi yako ni kudanganya watu kwa lugha tamu?"

Binti ya kaka yangu aliniuliza hivyo jikoni kwao, Rongai, akimenya viazi. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, na kando ya sufuria simu yake ilikuwa wazi kwenye tovuti ya KUCCPS, akichagua kozi za chuo. Mojawapo ilikuwa mawasiliano na uhusiano wa umma. Baba yake alikuwa amemwambia, "Muulize shangazi yako, yeye ndiye aliyeizeekea kazi hiyo."

Haikuwa mara ya kwanza kuniuliza. Akiwa na miaka sita nilimjibu kwamba nawasemea wakubwa. Akashangaa: "Kwani wao hawana midomo?" Tulicheka, yakaishia hapo. Safari hii alitaka jibu la mtu mzima, basi nikavuta kigoda.

Nilianza mwaka 1998, katika kampuni moja ya Industrial Area. Miaka ile kazi hii ilikuwa ya miguu. Bosi akishaisahihisha taarifa mara nne, niliitoa fotokopi, nikaitia kwenye bahasha za kaki na kuisambaza mwenyewe: Standard kule Likoni Road, Nation pale Kimathi Street, KBC pale Harry Thuku Road. Faksi ilikuwapo, lakini mhariri aliyekuona uso kwa uso hakukutupa kapuni haraka. Stesheni za FM zilihesabika kwa vidole. Ukizifikia meza nne au tano za mjini, umeifikia nchi, na mwananchi ambaye hakuridhika na ulichosema hakuwa na pa kukujibu. Jioni nilipanda matatu ya 125 pale Railways, nikarudi Rongai, ambayo watu wa mjini wanaitania kuwa ni ughaibuni, nikiwa na vumbi viatuni na moyo mweupe.

Mwaka wa pili, mtambo ulimuunguza kijana mmoja wa kiwandani mkono na kifua. Bosi aliniita, akasimama dirishani, akanisomea maneno aliyoyataka. Nikayaandika kama yalivyo: kulitokea tukio dogo, hali imedhibitiwa. Gazeti moja likachapisha mistari mitatu, wala hakuna aliyepiga simu kuuliza zaidi. Nilipongezwa.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta mama mmoja ameketi kwenye jiwe langoni, gazeti limekunjwa mapajani. Alikuwa mama wa yule kijana. Hakupaza sauti. Aliniuliza tu, "Mwanangu ndiye tukio dogo?"

Kisu cha mpwa wangu kilisimama. "Ukamwambia nini?"

"Nilimwonyesha ofisi ya wafanyakazi iliko."

"Na ukaendelea na kazi?"

"Nikaendelea. Miaka mingi."

Sikutaka kumpambia mambo. Nilimwambia kwamba ufundi huu ulizaliwa na nyuso mbili. Mwaka 1906 treni ya kampuni ya Pennsylvania Railroad ilitumbukia majini karibu na Atlantic City, Marekani, ikaua watu zaidi ya 50. Desturi ya kampuni za reli ilikuwa kuficha. Mtu mmoja aliyewahi kuwa mwandishi wa habari, Ivy Lee, aliwashauri wenye reli watoe taarifa wenyewe na kuwapeleka waandishi wakajionee. Wengi huhesabu hiyo kuwa taarifa ya kwanza kwa vyombo vya habari. Lakini Lee huyo huyo, baada ya wachimba migodi na watoto wao kuuawa kule Ludlow, Marekani, mwaka 1914, alikwenda kuisafisha sura ya tajiri Rockefeller, mwenye migodi hiyo, akapachikwa jina la utani la mmea wenye sumu. Hapa kwetu Kenya chama cha wanataaluma wa uhusiano wa umma, PRSK, kipo tangu 1971, na kina kanuni zake za maadili. Lakini kanuni haikai nawe dirishani wakati bosi anakusomea maneno.

Kilichonibadilisha mimi si uchaji, ni kubanwa. Katiba ya 2010, kifungu cha 35, ilimpa mwananchi haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa serikali. Sheria ya 2016 ikaweka muda: ombi lijibiwe ndani ya siku 21, au saa 48 ikiwa uhai au uhuru wa mtu umo hatarini. Wakati huo nilikuwa katika taasisi moja ya umma. Barua ya kwanza ilipofika, mkuu wangu aliiweka chini ya faili nyingine kama alivyozoea. Nikaitoa, nikaandika tarehe juu yake kwa kalamu nyekundu na kuanza kuhesabu.

Simu nazo zilikuwa zimeshapata kamera. Siku moja nilikuwa nimeandika tena yale maneno yangu ya zamani, hali imedhibitiwa, nikisubiri sahihi. Kabla sahihi haijapatikana, mkazi mmoja alikuwa ameshaweka picha Twitter, na hakuna kilichodhibitiwa. Niliichana karatasi. Tangu hapo njia yangu iligeuka. Zamani nilitoa maneno ofisini kuyapeleka nje. Sasa kila asubuhi ninayatoa nje kuyaingiza ofisini, pamoja na yale machungu ambayo hakuna anayetaka kuyasoma kabla ya chai.

"Hata nyinyi mlitufunza," nilimwambia. Juni 2024, vijana wa rika lake waliuchambua Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, wakaueleza TikTok kwa lugha za nyumbani. Maelezo rasmi yalikuta watu wameshausoma. Tarehe 26, siku moja baada ya waandamanaji kuingia Bungeni na watu kuuawa, Rais alikataa kuutia sahihi.

Mpwa wangu alipofungua mfereji aoshe viazi, ukakohoa tu. Tulichungulia kwenye baranda. Langoni mwa ploti keateka alikuwa ametundika kipande cha katoni: MAJI HAKUNA. PAMPU IMEUNGUA. FUNDI AMEITWA. LORI LA MAJI SAA KUMI.

"Soma pale," nikamwambia. "Kimetokea nini, kwa nini, nani anashughulika, lini. Mimi nililipwa mshahara miaka mingi kabla sijaandika taarifa kama hiyo."

Saa kumi ikafika, lori halikuja. Keateka alitoka na kalamu, akakata "kumi", akaandika "kumi na mbili" na chini yake: POLENI. Wapangaji walikuwa wamemzunguka na mitungi mitupu, mmoja akimfokea na kumnyooshea kidole. Angeweza kuingia chumbani kwake, hatua tatu tu kutoka pale. Alibaki amesimama kando ya katoni yake, akiwajibu mmoja mmoja.

Mpwa wangu alimtazama muda mrefu. "Shangazi, siku ile ya yule mama langoni. Ulisimama naye?"

"Hapana. Niliingia ndani."

Hakusema kitu. Aliokota mitungi miwili chini ya sinki, akanipa mmoja, tukashuka kupanga foleni.