NKUHUNGU: Mwamkie babu kabla hujanunua kiwanja!

Washikaji zangu wa Dar wakisikia Dodoma, kichwani kinawajia kitu kimoja: vumbi, zabibu na waheshimiwa. Basi wiki hii nawapeleka Nkuhungu, kata iliyo pembeni tu mwa katikati ya jiji. Wabunge sikuwafuata. Nilifuata maji.

Usicheke. Dodoma iko juu, zaidi ya mita 1,100 toka usawa wa bahari, na mvua yake ni ya msimu mmoja tu, Desemba mpaka Aprili hivi, kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka. Kiduchu! Lakini ikiamua kushuka, inashuka kwa hasira. Korongo ambalo jana watoto walicheza chandimu, leo linavuma.

Na jina la mji je? Wagogo husimulia kwamba tembo alikuja kunywa maji kijitoni, akanasa kwenye tope. Wakasema idodomya, yaani amezama. Mji tunaousema mkavu umepewa jina na tope!

Mgogo wa zamani aliishi kwa akili ya maji. Nyumba yake, tembe, ina paa bapa la miti na udongo. Penye mvua nyingi lingebomoka, ila Ugogo lilidumu, na ndani kulikuwa na ubaridi mchana wa jua kali. Shambani alipanda uwele na mtama, vinavyovumilia ukame kuliko mahindi. Mlenda aliuanika, akautwanga, akauweka kwa ajili ya kiangazi. Mimi niliula kwa mama ntilie wa hapo Nkuhungu, umeungwa karanga, na ugali wa uwele pembeni. Wacha bwana, vidole nilivilamba! Usiuite msosi wa shida. Hawa ni watu ambao babu zao walipita Mtunya, ile njaa kubwa ya 1917 hadi 1920. Walijifunza kuweka akiba.

Sasa twende kwenye mambo ya mshiko. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulitolewa 1973, lakini serikali ilianza kuhamia kwa kasi 2016, na 2018 Dodoma ikatangazwa jiji. Tangu hapo kila mtu anataka kiwanja. Nkuhungu siku hizi ni tofali na bati. Tembe ukaitafute vijijini.

Nilimkuta babu mmoja kivulini. "Mbukwenyi," nikamwamkia kwa Kigogo changu cha kuazima. Akacheka, akaitika, kisha akanionyesha kwa mkongojo: huku maji hupita, kule hutuama. Dalali niliyezunguka naye asubuhi hakuyagusa hayo hata kidogo.

Kwa hiyo wewe unayejipanga kuja kujenga, hati ihakiki ardhi, usifanye mchezo. Lakini pia tafuta mzee wa pale pale, mwamkie kwa heshima, muulize maji hupita wapi. Jibu lake ni la bure. Ukilipuuza, tusikuone mwezi wa pili usiku wa manane, godoro kichwani!