Huyu Si Mkaidi

Mtoto asiyeona kabisa, au aliyepooza miguu, hujulikana na majirani wote kabla hajafikia umri wa shule. Anayepotea ni yule anayesikia nusunusu. Huyo huitwa mvivu.

Hapa Uganda, elimu ya msingi ya bure ilipoanza mwaka 1997, waliandikwa watoto wanne wa kila nyumba, na mwenye ulemavu alitakiwa kutangulizwa. Agizo jema, lakini utamtangulizaje ambaye hujamtambua?

Binti wa dada yangu, niliyemlea katika nyumba za polisi, aliadhibiwa mwaka mzima kwa kosa la “kutosikia”. Mwalimu alikusudia utovu wa adabu, kumbe alikuwa amesema kweli tupu. Nyumbani niliona kwamba akiitwa kwa nyuma hageuki, na tarumbeta ya jioni ikilia hutazama kwanza wenzake wanakimbilia wapi. Sikio lake la kushoto lilikuwa likitoka usaha mara kwa mara. Nikasimama nyuma yake, umbali wa mkono mmoja, asiione midomo yangu. Nikamziba sikio moja kwa kidole, nikamnong’oneza tarakimu tatu azirudie, kisha nikajaribu la pili. Kwa sikio la kulia alipata moja au mbili. Kwa la kushoto, hakupata hata moja. Kipimo hiki hakihitaji mashine, wazazi wenzangu, ingawa hakishiki nafasi ya daktari. Daktari ndiye aliyeona kwamba ngoma ya sikio imetoboka.

(Macho nayo hupimwa kwa herufi E iliyogeuzwa huku na huku: mtoto husimama mita 6, hufunika jicho moja, akaonyesha kwa mkono E imeelekea wapi. Hata asiyejua kusoma huweza.)

Alitibiwa, lakini usikivu wote haukurudi. Akapewa kiti cha mbele, upande wa kushoto, sikio la kulia limwelekee mwalimu. Alama zikapanda.

Kisha ikaja amri ya uhamisho, jambo ambalo familia za askari tunalijua sana. Katika shule mpya alirudishwa nyuma ya darasa, kwa sababu yote yaliyojulikana juu yake yalibaki kichwani mwa mwalimu wa kwanza. Kyambogo hufundishwa walimu wa elimu maalumu, lakini mwalimu wa namna hiyo hayupo katika kila shule tunayohamia. Nikamwomba daktari aandike yote, nikaiweka karatasi pamoja na cheti cha kuzaliwa.

Katika shule ya tatu, mwalimu mkuu aliisoma akiwa amesimama mlangoni. Aliuliza neno moja tu: sikio zuri ni lipi?